Je, Wajua? Asali ya Tabora na Mti Usiokatwa

Basi likisimama njiani kuelekea Tabora, asali hufika dirishani kabla hujanyoosha miguu. Imo kwenye chupa zilizowahi kubeba pombe kali, kwenye madumu ya lita tano, kwenye ndoo ndogo zenye mfuniko mwekundu. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, na bei ni maelewano. Kabla hujatoa pesa, pitia haya.

1. Je, wajua kwamba neno mzinga ni nyumba ya nyuki na pia silaha kubwa ya vita? Ukiona gogo lililotobolewa likiwa limelazwa juu ya tawi, huhitaji kuelezwa zaidi: umbo ni lile lile. Mwingereza Richard Burton aliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani. Kitabu chake cha mwaka 1860 kinaitaja mizinga ya magogo aliyoikuta ikining'inia mitini.

2. Asali ni neno la Kiarabu, nyuki ni Mbantu. Lugha nyingi za Kibantu huita asali kwa mzizi ule ule wa nyuki: Wanyarwanda husema ubuki, Wabemba wa Zambia husema ubuchi. Biashara ya pwani ilitupa neno jipya la kile kilichomo chupani, lakini mdudu mwenyewe akabaki na jina lake la kale.

3. Biashara hiyo ya pwani ilibebwa mabegani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani paundi 70, au karibu kilo 32. Wanyamwezi wa Tabora waliibeba mizigo hiyo kwenye njia ya kilometa zipatazo 1,200 kati ya Ujiji na Bagamoyo, Tabora ikiwa kituo kikuu cha katikati. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba zikarudi bara. Watu nao walipitishwa humo wakiwa wamefungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

4. Posho tunayoidai leo ofisini na kwenye semina ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira kabla ya safari. Posho ikipunjwa, waliweka mizigo chini, na msafara mzima ukalala hapo hapo. Kudai malipo ya haki kulikuwapo kwenye njia hii kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na kuwastaafisha wabeba mizigo.

5. Mkoa wa Tabora ndio mkubwa kuliko yote Tanzania kwa eneo: zaidi ya kilometa za mraba 76,000. Sehemu yake kubwa ni miombo, msitu unaoanzia Angola, ukapita Kongo na Zambia hadi Msumbiji na Tanzania. Pita huko kuelekea mwisho wa kiangazi, kabla tone la mvua halijaanguka, uone majani machanga yakichipua mekundu kama kutu. Mtundu, myombo na jamaa zao huchanua kwa zamu, na kila zamu ni chakula cha nyuki.

6. Hapa nyuki hanunuliwi. Fundi huchonga mzinga, huupaka nta kidogo ndani ili unukie, huutundika na kuondoka. Kundi linalotafuta makao hulikuta jumba limeshaandaliwa, likahamia. Wasipopapenda, huhama bila kuaga. Kwa hiyo mtaji mkubwa wa biashara hii ni msitu wenyewe: mti ukianguka, mfugaji amefilisika hata kama ana mizinga mia.

7. Nyuki kibarua mmoja, maisha yake yote, hutengeneza kama sehemu moja ya 12 ya kijiko cha chai cha asali. Msimu wa kazi nyingi huishi wiki kama sita tu. Kijiko unachokoroga kwenye uji wa asubuhi ni jasho la nyuki 12, tangu kuzaliwa hadi kufa.

8. Kurina ni kazi ya jioni na usiku, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali na joto la mchana huwachochea. Mrinaji hupuliza moshi mlangoni, husubiri mngurumo utulie, kisha hufungua. Huanza kutazama masega: yaliyozibwa kwa nta nyeupe yameiva, yaliyo wazi bado yana maji, yenye majana ni watoto na hayaguswi. Hukata yaliyoiva na kuacha akiba. Mwenye pupa hukomba yote, majana yakaingia ndooni, asali ikachachuka, na kundi likahama. Wahenga walishasema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

9. Zamani wengi walitumia mwenge wa nyasi kavu badala ya bomba la moshi. Mwenge ulichoma nyuki, cheche zikaangukia majani makavu, na kwa ndoo moja ya asali ukateketea msitu ambao ungetoa ndoo mia. Bomba la moshi ni chombo cha bei ndogo, lakini ni mpaka kati ya mfugaji na mchoma msitu.

10. Si kila mzinga wa asili ni rafiki wa mazingira. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuuvua mti hai ngozi yake kuuzunguka pande zote. Chakula cha mti hushuka kwenye mizizi kupitia gome hilo, hivyo mti uliovuliwa hufa ukiwa umesimama. Gome lenyewe huoza baada ya misimu michache, na mti mwingine huvuliwa. Gogo la mninga hudumu muda mrefu zaidi, ila nalo limegharimu mti unaokua polepole na unaowindwa na mafundi samani wa nchi nzima.

11. Ndiyo maana likaja sanduku la mbao lenye vipande vya mti vilivyopangwa juu, kila kipande kikiwa na upana wa milimita 32. Kipimo hicho hakikubahatishwa: ndiyo nafasi ambayo nyuki wa Afrika huiweka toka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Nyuki wa Ulaya hutaka milimita 35. Ukikosea, watajenga masega kwa kupishanisha, na kurina kutakuwa kubomoa.

12. Sanduku hilo limefungua mlango mwingine. Kupanda mti usiku kwa kamba kulikuwa kazi ya wanaume. Mzinga unaoning'inia usawa wa kiuno haumtaki mtu apande, kwa hiyo akina mama wanafuga, wanarina na kuhesabu fedha zao wenyewe.

13. Mzinga ukishushwa, nyegere hufurahi. Mnyama huyu mweusi mwenye mgongo mweupe ana ngozi nene na hana aibu. Huangusha mzinga, huupasua na kula asali pamoja na majana. Dawa yake ni kuutundika kwa waya katikati ya miti miwili, mbali na shina. Grisi ikipakwa kwenye waya, na siafu hurudi walikotoka.

14. Mlembe, ndege mdogo wa rangi ya udongo, huwaongoza watu kwenye mizinga ya porini ili apate nta. Utafiti wa Hifadhi ya Niassa, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba warinaji waliotumia mlio wao wa jadi wa kumwita walifikishwa kwenye nyuki kwa asilimia 54 ya safari. Waliotoa sauti nyingine waliambulia asilimia 16 au 17. Ndege anajua nani mteja wake wa siku zote.

15. Nta ni bidhaa kamili, wala haifai kuhesabiwa kuwa makapi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo sufuria ya maji ya moto na kitambaa cha kuchujia vinatosha kuanzisha biashara. Wachora batiki huihitaji, watengenezaji mishumaa na mafuta ya ngozi vilevile. Anayekamua asali na kutupa masega ametupa nusu ya duka.

16. Kiwango cha kimataifa kinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira ya asili huamka na chupa hufura. Hakuna dawa ya kuongeza wala haja ya kupika: mrinaji akisubiri masega yazibwe, nyuki wameshamaliza kazi ya kukausha. Nyuki hupiga mbawa usiku kucha ili kupunguza maji hayo; wewe unaombwa subira tu.

17. Kuichemsha asali ili iwe nyepesi na ya kung'aa ni kuiharibu. Joto hupunguza harufu na vimeng'enya, na huongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo maabara huipima ili kujua kama asali imepikwa au imekaa mno. Kiwango cha dunia ni miligramu 40 kwa kilo. Kwa nchi za joto kama yetu ni 80.

18. Njiti ya kiberiti haijui ukweli. Wengi huichovya kwenye asali na kuiwasha: ikiwaka, asali ni halisi. Kinachopimwa hapo ni unyevu tu, na sharubati nzito ya sukari nayo hufaulu mtihani. Asali iliyoganda na kuwa na chembechembe pia si lazima iwe na sukari ya dukani. Glukosi ya asali yenyewe hujigandisha. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, italainika.

19. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe safi namna gani. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo lake bado halina nguvu za kuwazuia.

20. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mitambo ilipong'oa vichaka vya Kongwa, iliwavuruga nyuki, na wafanyakazi wakaishia hospitali kwa kudungwa. Mpango ulizikwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku.

21. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni kwenye mabani, yaani majumba ya kukaushia, na kuni ni miombo ile ile. Majirani wawili wa Urambo au Sikonge, mmoja mkulima wa tumbaku na mwingine mfugaji nyuki, wanaishi kwa msitu mmoja: huyu humlipa uliokatwa, yule uliosimama. Mabani yanayotumia kuni chache na mashamba ya miti ya kupandwa hupunguza ugomvi, lakini mti wa kupandwa huchukua miaka kabla ya kuwa kuni, na moto wa bani hausubiri.

22. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili apate nyuki wanaoivumilia tropiki. Mwaka 1957 makundi 26 yaliponyoka karibu na Rio Claro, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya, yakasambaa bara zima na kufika Texas mwaka 1990. Filamu za Marekani ziliwaita wauaji. Huku kwetu ni wale wale tunaowatundikia mizinga nyuma ya nyumba.

23. Tanzania ina sheria ya nyuki peke yake: Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, iliyofuata sera ya 1998. Inaruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, kama ile ya Aghondi wilayani Manyoni, kwenye mapito yale yale ya misafara. Chuo kinachofundisha kazi hii kipo Tabora mjini, na watu hukiita Chuo cha Nyuki bila kuongeza neno.

24. Hifadhi nayo ina bei yake. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla lilizaa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Katika pori la akiba, warinaji waliweza kupata kibali cha kupiga kambi kwa msimu. Katika hifadhi ya taifa sheria imebana zaidi. Tembo amepata utulivu, na mrinaji ametafuta mti kwingine. Anayeulinda msitu naye anastahili kuulizwa atakula wapi.

25. Kwa uzalishaji wa asali Tanzania hutajwa ya pili Afrika, nyuma ya Ethiopia, na imo katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali Umoja wa Ulaya. Nafasi hiyo hulindwa kwa kupima sampuli za asali kila mwaka kutafuta mabaki ya dawa. Mfugaji anayehifadhi asali kwenye dumu lililokuwa la dawa ya shamba hahatarishi wateja wake peke yao. Anahatarisha soko la wenzake wote.

26. Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017, na siku iliyochaguliwa ni ya kuzaliwa Anton Janša wa Slovenia, mwalimu wa ufugaji nyuki wa karne ya 18.

Sasa rudi kwenye lile dirisha la basi. Chupa bado imeinuliwa. Muulize muuzaji mambo matatu: imetoka msitu gani, ilirinwa kwa bomba au kwa mwenge, na mzinga ulikuwa wa gome au wa mbao. Anayeijua asali yake atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Akijibu vizuri, usimbane sana kwenye bei: unamlipa yeye, na unamlipia mti usikatwe.