Dawa za maradhi ya akili, unene na sukari: familia ifanye nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Swali

Dada mmoja wa Unguja ameuliza kuhusu mdogo wake wa kiume anayeishi Mkuyuni, Morogoro, kwenye shamba la ndizi na viungo chini ya milima ya Uluguru. Kijana huyo anatumia olanzapini mwaka wa pili sasa. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza na amerudi kuswali jamaa. Lakini amenenepa sana, ana kiu isiyokwisha, na usiku huamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Wazee wanasema dawa ya hospitali ni sumu. Wanataka aiache apewe mizizi ya mlimani. Wengine wamesikia kuwa imetoka dawa mpya ya akili iliyotokana na popoo. Wafanye nini, na sheria inasemaje?

Jibu

Kwanza, ndugu yetu asiiache dawa kwa uamuzi wa baraza la nyumbani. Anayeikatisha ghafla huwa katika hatari kubwa ya kurudiwa na maradhi, na kila yanaporudi huweza kuwa mazito zaidi kuyatuliza. Pili, kiu na mkojo mwingi ni dalili za sukari kupanda. Apelekwe kituo cha afya apimwe damu sasa hivi, asingoje tarehe ya kliniki. Akianza kutapika, kuhema kwa kasi au kulegea na kusinzia, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo wazee wameona jambo la kweli, ila dawa waliyoipendekeza siyo. Tufafanue.

Kwa nini dawa hizi hunenepesha

Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Tangu hapo hadi karibuni, dawa hizi zote zimefanya kazi kwa njia moja kubwa: kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ikizidi mahali fulani mtu husikia na kuamini yasiyokuwapo.

Lakini dawa haigusi mlango mmoja tu. Nyingi huziba pia milango ya histamini na serotonini, ambayo huuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Mgonjwa hula na bado ana njaa ya kweli. Tusimwite mlafi. Juu ya hapo, baadhi ya dawa huufanya mwili usiisikilize vyema insulini, hivyo sukari hubaki kwenye damu na mafuta ya damuni hupanda. Kwa baadhi ya watu sukari hupanda hata kabla hawajanenepa sana.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa watu wenye maradhi mazito ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na maradhi ya mwili, ya moyo yakiwemo.

Dawa zote si sawa

Klozapini na olanzapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha na kupandisha sukari. Risperidoni na kwetiapini ziko katikati. Haloperidoli na aripiprazoli huleta unene mdogo zaidi, ingawa haloperidoli ina tabia ya kukakamaza misuli na kutetemesha mikono. Klozapini nayo, pamoja na uzito wake, huwasaidia wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine. Lakini huweza kushusha chembe nyeupe za damu, hivyo anayeitumia hupimwa damu kwa ratiba.

Maana yake ni kwamba daktari ana nafasi ya kuchagua. Anaweza kubadilisha dawa hatua kwa hatua, kupunguza kipimo, au kuongeza metformini, kidonge cha kisukari ambacho utafiti umeonyesha kinapunguza unene unaoletwa na dawa hizi. Yote hayo ni kazi ya daktari, hayanunuliwi dukani kwa kukisia.

Vipimo vya kudai

Mwaka 2004 vyama vya madaktari wa kisukari na wa akili vya Marekani vilikubaliana ratiba ambayo familia yoyote inaweza kuifuata:

- Kabla ya kuanza dawa: uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Aulizwe pia kama kuna kisukari katika ukoo.
- Uzito: wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi 3.
- Presha, sukari na mafuta: wiki ya 12. Baada ya hapo presha na sukari angalau kila mwaka.

Uzito ukipanda kwa asilimia 5, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, mwambieni daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari.

Na nyumbani tusaidie. Tuanze na vinywaji: soda, juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi. Sinia la wali lipungue, mboga na samaki viongezeke. Atembee kila siku, na mtu wa nyumbani afuatane naye. Mgonjwa hawezi kula peke yake chakula cha hospitali huku sisi tunakula haluwa mbele yake.

Popoo, mizizi na dawa mpya

Habari ya popoo ina asili ya kweli. Ndani ya popoo mna kemikali iitwayo arekolini. Kutokana na umbo lake wanasayansi walitengeneza maabara dawa iitwayo zanomelini. Tarehe 26 Septemba 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini ikichanganywa na trospiamu kwa ajili ya skizofrenia. Hii haizibi dopamini moja kwa moja. Hupita njia nyingine ya ubongo, na katika majaribio haikuleta unene kama wa olanzapini. Ina madhara yake: kichefuchefu, kutapika, kufunga choo na mapigo ya moyo kwenda mbio. Bei iliyotangazwa huko ilikuwa dola 1,850 kwa mwezi.

Je, tumpe mgonjwa tambuu? Hapana. Popoo imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa, na kipimo cha dawa hakipatikani kwa kutafuna.

Ama mizizi, hatusemi kuwa mlima hauna dawa. Mwaka 1952 kutoka mmea wa India wa jamii ya Rauvolfia ilipatikana reserpini, iliyotumika hospitalini kwa wagonjwa wa akili. Miti ya jamii hiyo ipo Tanzania. Mmojawapo ni msesewe wa Kilimanjaro. Lakini reserpini hushusha presha na huweza kumtia mtu huzuni nzito, na dawa kadhaa za akili nazo hushusha presha. Ukichanganya viwili bila kipimo, mgonjwa anaweza kuanguka. Anayetumia mizizi amwambie daktari bila kuona haya.

Hukumu ya sheria

Amepokea Usama bin Sharik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu na kuwahimiza watu kujitibu, akieleza kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na kanuni ya wanazuoni ni kuwa madhara huondolewa, lakini hayaondolewi kwa madhara makubwa kuliko yenyewe. Unene ni madhara, na kurudiwa na maradhi ya akili ni madhara makubwa zaidi. Njia ya sheria hapa ni kuyapunguza yote mawili kwa kupima na kurekebisha dawa.

Ruqya ya Qur'ani na dua ni halali, na haipingani na kidonge. Lakini kumfunga minyororo, kumpiga au kumnyima chakula ni dhulma. Imepokewa pia katika hadithi kuwa anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Mganga alijue hilo, na anayempeleka mgonjwa kwake alijue pia.

Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku inaweza kunywewa usiku, na kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi sindano isiyo lishe haivunji saumu. Akithibitika ana kisukari, amuulize daktari kabla ya kufunga. Akizuiwa, ana udhuru: atalipa siku nyingine akiweza, na kama maradhi hayatarajiwi kuondoka, atalisha masikini kwa kila siku.

Tunamuomba Allah amponye ndugu yetu wa Mkuyuni na wagonjwa wetu wote, na awape familia zao subira na hekima. Wallahu a'lam.