Mbachao Usitupe: Funzo Kutoka Lugha za Tarakilishi

Msamiati unaotumiwa na wengi ni mali ya wengi. Anayetaka kuubadilisha, hata akiwa na nia njema na elimu tele, hana budi kujiuliza kwanza: je, yaliyoandikwa jana yatasomeka kesho? Swali hili si geni kwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye ameshuhudia istilahi zikizuka na nyingine zikififia. Swali lilo hilo limewaumiza vichwa wataalamu wa tarakilishi kwa miaka mingi. Majibu waliyoyapata, mengine kwa hasara, yanastahili kusikilizwa na sisi tunaotunza kumbukumbu za shule.

Tarakilishi haina akili ya kutambua kwamba "Juma" ni jina na "saba" ni darasa. Lazima iambiwe. Ndipo zikabuniwa lugha za alama, ambazo hutia alama mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande cha habari: hapa jina linaanza, hapa linaishia. Iliyo maarufu zaidi ni HTML, ambayo Tim Berners-Lee aliibuni alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na ambayo ndiyo huandikiwa kurasa za intaneti. Nyingine ni XML, iliyoidhinishwa mwaka wa 1998, ambayo humruhusu kila mwenye taaluma yake kujiundia alama zinazomfaa. Shule mia moja zikikubaliana kuhusu alama za kutumia, tayari zina msamiati wa pamoja, na rekodi ya shule moja itasomeka katika nyingine.

Mambo huwa shwari mpaka ije siku ya mabadiliko. Tutazame mfano wa nyumbani. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka wa 1985, mwanafunzi aliingia kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya shule ya msingi. Chini ya mfumo huo, aliingia baada ya miaka minane. Neno ni lile lile, ila maana imehama. Binadamu asomaye rekodi kuukuu atauliza ni ya mwaka gani, aelewe. Tarakilishi haiulizi, itampa mwanafunzi wa mwaka wa 1980 mwaka mmoja wa masomo ambao hakuusoma. Kwa upande mwingine, mtihani wa CPE ulipoondolewa, uliofuata uliitwa KCPE. Jambo jipya lilipewa jina jipya, na vyeti hivyo viwili havichanganyiki.

Kosa la kuhamisha maana limewahi kufanywa hata na wakuu wa viwango duniani. Shirika la ISO hutoa vifupisho vya herufi mbili kwa majina ya nchi. Czechoslovakia ilikuwa CS, na ikagawanyika tarehe 1 Januari 1993. Mwaka wa 2003, Yugoslavia ilipojiita Serbia na Montenegro, ilipewa kifupisho hicho hicho cha CS. Ghafla maandishi ya zamani yenye herufi hizo yakawa hayajulikani ni ya nchi gani. Mwaka wa 2006 nchi hiyo nayo ikagawanyika. Mwaka huo huo kanuni mpya za kutambulisha lugha katika intaneti zikakata shauri: kifupisho kikishaandikwa katika daftari lao hakifutwi wala hakipewi maana nyingine, kikichakaa, huwekewa ilani tu kwamba kimepitwa na wakati. Ndiyo sababu ZR, kifupisho cha Zaire, kingali katika daftari hilo, kikimwelekeza msomaji kwa CD, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Je, basi tusibadilishe lolote? Hasha! XML ya kwanza ilikuwa na dosari ya haki. Ilitegemea orodha ya herufi za dunia ambayo wakati huo haikuwa na herufi za Kiethiopia. Ndugu yetu Mwamhari, jirani wa kaskazini, hakuweza kuziita alama zake majina kwa maandishi ya kwao. Mwaka wa 2004 likatolewa toleo la 1.1 ili kuondoa dosari hiyo. Lakini programu zilizokwisha kuenea zilijua toleo la 1.0 pekee, nazo zilikuwa na ruhusa ya kukataa waraka uliojitaja kuwa wa toleo jingine. Nani angependa kuandika barua ambayo huenda posta ikairudisha? Wengi wakabaki na la zamani. Hatimaye, mwaka wa 2008, wasimamizi walilegeza masharti ya toleo la 1.0 lenyewe, wakaziruhusu herufi hizo bila kubadilisha nambari. Njia hiyo nayo ilikuwa na gharama, maana programu kuukuu ziliyakataa majina mapya. Hata hivyo, nyaraka zote za zamani zilibaki halali.

HTML kwa upande wake imeishi kwa uvumilivu. Programu ya kusomea kurasa ikikutana na alama isiyoijua, huiruka na kuonyesha maneno yaliyomo ndani yake. Nayo alama ya kuteua sura ya herufi, ambayo toleo la nne la mwaka wa 1997 lilishauri iachwe, ingali ikisomwa, na kurasa za kale hazijafungwa. Wapo watakaosema kwamba huku ni kubeba mizigo ya wafu. Ni kweli kwamba mizigo hiyo huwachosha watengenezaji wa programu. Lakini watengenezaji ni wachache, nao wenye nyaraka ni wengi, na wengine wao hawapo tena kuziandika upya.

Yote haya yanatuhusu sasa. Mfumo wa 8-4-4 unaupisha mtaala wa umilisi, KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na "darasa" limekuwa "gredi". Gredi ya Tisa si Kidato cha Kwanza, ingawa kila moja ni mwaka wa tisa wa masomo katika mfumo wake. Shule itakayofungua rekodi zake za kale na kubadilisha neno moja kwa jingine kwa kubonyeza kitufe itakuwa imeandika uongo katika maisha ya watoto wa watu. Lililo bora ni kuongeza nafasi mpya, kuliacha la zamani mahali pake, na kuonyesha kila rekodi ni ya mtaala gani na ya mwaka gani. Waliozoea kupokea rekodi hizo nao waarifiwe mapema, wapewe muda wa kujiandaa.

Wahenga hawakuijua tarakilishi, lakini walituonya: mbachao usitupe kwa msala upitao. Mwalimu anayetunza daftari la leo anamtunzia mtu atakayeomba cheti chake miaka arubaini ijayo. Mtu huyo ana haki ya kulikuta jina la darasa lake likiwa na maana ile ile aliyoiacha.