Mshale Kabla Haujaruka

Mshale wa kuwindia hauui kwa kishindo kama risasi. Huua kwa kukata. Mshale wa gramu 26 hivi, hata ukitoka kwenye upinde wa kisasa kwa mwendo wa mita 90 kwa sekunde, hauna nguvu ya kupasua nyama kwa kasi yake peke yake. Unategemea makali ya kigumba yapenye na kukata mishipa ya damu, na ndiyo maana vigumba vya kuwindia hunolewa hadi viweze kunyoa nywele za mkono. Hatari kwa mwindaji mwenyewe inaanzia hapo. Bunduki isiyo na risasi ni chuma tu, lakini mshale haupumziki: ukiwa mkononi, begani, kwenye buti la gari au uvunguni mwa kitanda, ni wembe uliofungwa kwenye fimbo. Angani hukaa sekunde moja, pengine hata sekunde haifiki. Saa zote zilizobaki hukaa karibu na mapaja, viganja na migongo ya watu.

Kinga ya kwanza ni podo. Podo inayofaa hufunika vigumba vyote kabisa, na hubana kila mshale mahali pake ili isigongane ikapoteza makali au ikamshtua mnyama kwa mlio. Wakamba walishona podo za ngozi ngumu zenye kifuniko. Za kisasa, zinazofungwa ubavuni mwa upinde, zina kofia ya plastiki iliyojazwa sponji ambamo vigumba huzama. Kofia hiyo ikipasuka, podo imekwisha kazi, hata kama vishikizo vyake vingali vizima. Mshale hutolewa kwa kushikwa kwenye wano, yaani ule uti wake, na hurudishwa polepole macho yakiwa kwenye ncha. Kurudisha ndiko kunakotaka uangalifu zaidi, kwa sababu mnyama ameshakimbia na mawazo ya mwindaji yamekimbia naye.

Vigumba vingi vya siku hizi huungwa na wano kwa skrubu. Kukikaza kigumba kwa vidole ni kushika wembe na kuuzungusha, kwa hiyo hutengenezewa kispana kidogo cha plastiki kinachofunika makali yote wakati wa kukaza. Ni kifaa chepesi, rahisi, na chepesi vilevile kusahaulika nyumbani.

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, njia ni nyingine. Mwanamume wa Kihadzabe aghalabu hutembea na upinde na mishale michache akiwa ameishika pamoja mkononi, bila podo. Mishale yenyewe si ya namna moja. Ya ndege na wanyama wadogo ni mti mtupu uliochongwa ncha. Mingine ina kigumba cha chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa kwa kugongwagongwa mpaka ukawa bapa. Ya wanyama wakubwa hupakwa sumu, na hiyo ndiyo inayovishwa nguo: ukanda mwembamba wa ngozi laini huzungushwa juu ya sumu, mzunguko juu ya mzunguko, kama bendeji ya kidole. Ukanda huo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huizuia sumu isikauke ikabanduka, na humkinga mwenye mshale na mkwaruzo. Mshale huvuliwa ukanda pale tu unapotakiwa kutumika. Waata wa nyika ya Tsavo, waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde nzito ajabu, nao waliifunga ngozi mishale yao hivyo hivyo. Mtu anayeitazama kazi hiyo kwa haraka huona urembo. Kwa kweli ni ala, sawa na ala ya kisu, isipokuwa hii hufungwa upya kila mara.

Sababu ya uangalifu huo ni mimea michache inayojulikana vyema. Wahadzabe hutumia utomvu wa Adenium, mmea wa shina nene na maua ya waridi ambao mijini hupandwa vyunguni kama pambo, pamoja na mbegu za Strophanthus. Waata, Wakamba na Wagiriama walitegemea Acokanthera. Kemikali zilizomo ni za jamii moja: huvuruga pampu za chumvi katika seli za msuli wa moyo, mapigo yakapoteza mpangilio, na hatimaye moyo ukasimama. Iliyo maarufu zaidi, wabaini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kisomali waabaayo, ilitengwa mwaka 1888 na mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud. Wabaini ikimezwa hufyonzwa kidogo sana, na hilo husaidia kueleza kwa nini wawindaji huweza kula nyama ya mnyama waliyemuua kwa sumu baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha. Ikiingia kwenye damu moja kwa moja, mambo hugeuka. Kidonda kidogo cha mwiba kwenye kidole cha mtu anayepaka sumu kinatosha kuwa mlango.

Kisa mashuhuri cha uzembe wa namna hiyo kilimpata mtu wa vitabu. John Kirk alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858 na kwisha 1864. Alikuwa amekusanya sumu ya mishale iliyotokana na Strophanthus, akaiweka pamoja na mswaki wake. Siku moja, alipokuwa akipiga mswaki, alihisi uchungu mdomoni. Alipojipima mapigo ya moyo akayakuta yamepungua. Aliponea hapo, na uchunguzi uliofuata, hasa wa Thomas Fraser wa Edinburgh, uliitia sumu hiyo katika orodha ya dawa za moyo. Kwa wenye mishale, jambo la kushika katika kisa hiki ni mahali alipoiweka: chombo cha sumu na chombo cha mdomo vililala mfuko mmoja.

Mishale isiyo na sumu ina ubaya wake. Mawano mengi ya siku hizi ni ya kaboni, nyuzi zilizogandishwa pamoja kwa gundi ngumu. Ni mepesi na hayapindi, lakini yakiumia hayaonyeshi. Wano la aluminiamu likigonga jiwe hukunjika na kila mtu akaona. La kaboni huweza kupata ufa wa ndani na kubaki limenyooka kama lilivyotoka dukani. Ufa huo hukutana na nguvu zote za upinde kwa mara moja upote, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa, wano likavunjika vipande mbele ya mkono ulioshika upinde, na vijiti vya kaboni vikazama kwenye kiganja au kigasha. Kwa hiyo hukaguliwa kwanza. Mshale hushikwa ncha zote mbili, hukunjwa taratibu kama mtu anayejaribu ugumu wa fito, huku sikio likitega kusikia mpasuko mdogo, kama ukoko wa wali unaovunjika. Kisha huzungushwa robo na kukunjwa tena, mpaka pande zote nne zipitiwe. Hukaguliwa pia kwa macho na vidole, hasa karibu na kigumba na pale nyuma penye pengo la kupachikia upote. Ukisikika mlio wowote, mshale hauponi tena. Huvunjwa makusudi ili asitokee mwingine akauokota. Ukaguzi huo hufanywa kila mshale unapotoka kugonga kitu, uwe umegonga mnyama, mti au shabaha ya mazoezi.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Upinde hutegemea mshale upokee nguvu zake. Mshale ukiwa mwepesi mno, nguvu hurudi kwenye upinde, ni kama kufyatua upinde mtupu. Upinde wa kapi, ambao Holless Allen wa Missouri, Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1969, una vyuma na nyaya zinazoweza kukatika na kuruka usoni. Kanuni inayotumika sana huko ni kwamba upinde wa ratili 60 usipewe mshale wa chini ya gramu 20 hivi. Urefu pia: mshale mfupi kuliko mvuto wa mwindaji huteleza kutoka kwenye kitegemeo chake, na ncha ikajikuta nyuma ya mkono wa upinde badala ya mbele yake. Mishale ya kuazima huleta balaa kwa njia hii.

Porini, kanuni kubwa ni moja: mshale haupachikwi mpaka mnyama aonekane. Kutembea na mshale uliopachikwa, hasa kwenye vichaka na mteremko, humfanya mwindaji abebe makali yaliyoelekea mbele ya miguu yake mwenyewe. Akijikwaa, huanguka juu yake. Wakiwa wawili wakifuatana njia nyembamba, wa nyuma humwelekezea mwenzake mgongoni. Anayevuka mto, uzio au gogo kubwa kwanza huweka upinde na podo upande wa pili, ndipo akavuka mikono mitupu.

Huko Marekani Kaskazini, ambako kuwinda kulungu kwa upinde ni mchezo wa wengi (Wisconsin ilifungua msimu wake wa kwanza wa upinde mwaka 1934), watu huvizia wakiwa juu ya ulingo mtini, na kuanguka kutoka ulingoni ndiko kunakohesabiwa kuwa chanzo kikuu cha ajali za uwindaji huo. Mshale huzidisha ubaya wa anguko. Anayepanda hupanda bila chochote mkononi, hujifunga mkanda wa usalama, kisha ndipo huvuta upinde kwa kamba kutoka chini, mishale yote ikiwa ndani ya podo iliyofunikwa. Wakati wa kushuka mpango hugeuzwa: silaha kwanza, mtu baadaye.

Kufyatua kwenyewe hakuchukui maelezo mengi. Mshale huweza kuruka mita 200 na zaidi, na wa upinde wenye nguvu hupita ndani ya kulungu ukatoka upande wa pili, kwa hiyo nyuma ya mnyama panatakiwa udongo na si upeo wa macho. Hakuna mwenye akili anayefyatua mshale juu angani. Aliyekwisha vuta kisha akaghairi hurudisha upote taratibu, mshale ukiwa bado umeelekea mahali salama.

Baada ya kupiga, watu hupumua na kulegea, na mshale sasa haujulikani ulipo. Huenda umechomeka ardhini katikati ya nyasi, makali juu. Huenda umevunjika na kigumba kimebaki ndani ya mnyama. Wawindaji husubiri nusu saa au zaidi kabla ya kufuata damu, na muda huo unafaa kutumika kuutafuta mshale kwa macho, hatua kwa hatua. Usipopatikana mzima, mwenye kuchuna huingiza mkono ndani ya mzoga akijua kuna wembe humo mahali fulani. Hapo kisu hutangulia vidole.

Mtu akichomwa, mshale uliozama hauchomolewi. Kigumba chenye meno yanayoelekea nyuma huchana zaidi kikirudi, na mara nyingine ndicho kinachoziba mshipa kilioukata. Wano hukazwa lisitikisike, damu huzuiwa kwa kukandamiza kuzunguka jeraha, na majeruhi hukimbizwa hospitali. Pale paja linapotoka damu kwa kasi isiyozuilika, mguu hufungwa kwa nguvu upande wa juu wa jeraha. Ikiwa mshale ulikuwa na sumu, daktari huambiwa mapema, na ikiwezekana mmea wenyewe hutajwa.

Nyumbani, vigumba hukaa kwenye kasha linalofungwa, mbali na watoto, na vile vya sumu hutengwa kabisa na vyakula na nguo. Muda hauondoi hatari ya sumu hizi. Katika makumbusho zinakohifadhiwa silaha za Afrika, mishale iliyokusanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita hushikwa mpaka leo kwa glavu.