Maji ya chupa: Jinsi metali zenye sumu zinavyopimwa

Maji yanayong'aa ndani ya chupa huenda yakawa na vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Risasi, arseniki, kadimiamu na antimoni zikiyeyuka majini kwa kiasi kidogo hazionyeshi rangi, wala hazitoi harufu. Hata hivyo, mwili unaozipokea kila siku kwa miaka mingi unaweza kudhurika, na risasi huathiri zaidi ubongo wa watoto.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za arseniki, 10 za risasi na 3 za kadimiamu. Mikrogramu moja katika lita ni sawa na tone moja lililochanganywa katika lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000 kila moja.

Ili kulipata tone hilo, wataalamu hunyunyizia maji katika gesi ya argoni iliyopashwa joto la maelfu ya nyuzi. Joto hilo huyavunja maji na kuziacha atomi zikiwa na chaji ya umeme, kisha mashine huzitenganisha kwa uzito na kuzihesabu. Lakini mashine nayo inaweza kudanganyika. Argoni ikiungana na klorini iliyomo majini, huzaa chembe yenye uzito uleule wa arseniki. Mpimaji asiyeiondoa chembe hiyo ataripoti sumu isiyokuwepo.

Hatari nyingine ni uchafu wa maabara yenyewe. Vumbi au kichupa kisichooshwa kwa asidi vyaweza kuongeza metali nyingi kuliko zilizomo majini. Kwa sababu hiyo, kila kundi la sampuli hupimwa pamoja na maji safi kabisa na sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana tayari.

Umuhimu wa uangalifu huo ulidhihirika mwaka 2006, pale William Shotyk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walipochapisha vipimo vyao vya antimoni. Metali hiyo hutumika kama kichocheo katika kutengeneza plastiki ya PET. Maji ya chanzo kimoja nchini Ujerumani yalikuwa na nanogramu 3.8 kwa lita kabla ya kutiwa chupani. Maji ya chapa hiyohiyo yaliyonunuliwa katika chupa za PET yalikuwa na nanogramu 359, na baada ya miezi mitatu yakafikia 626. Kiasi hicho bado kilikuwa chini sana ya ukomo wa Ujerumani wa nanogramu 5,000, lakini kilionyesha kuwa chupa yenyewe huchangia.

Joto huongeza kasi ya jambo hilo. Utafiti uliofanyika Arizona, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba maji yaliyohifadhiwa katika nyuzi 60 za Selsiasi yangehitaji siku 176 kuvuka ukomo wa Marekani wa mikrogramu 6 za antimoni kwa lita. Katika nyuzi 80, siku 2.3 zingetosha.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, maji ya chupa yana kiwango cha pamoja, EAS 153, na mashirika ya viwango kama TBS la Tanzania, KEBS la Kenya na UNBS la Uganda ndiyo yenye jukumu la kukisimamia. Alama ya ubora humhakikishia mnunuzi kwamba bidhaa imekaguliwa. Haiwezi, hata hivyo, kumweleza ni siku ngapi katoni ilikaa juani mbele ya duka au ndani ya gari lililofungwa vioo. Kuyaweka maji kivulini, na kutoyahifadhi muda mrefu penye joto, ni kinga isiyohitaji maabara.