Kupima Minyoo ya Maini Katika Mnyama Aliye Hai

Wasomaji wetu wengi wamewahi kuona ini la ng'ombe likipasuliwa machinjioni, na ndani yake wakatoka wadudu bapa wenye umbo la jani. Mwenye ng'ombe huambiwa kuwa ini lile halifai kuliwa, naye hurudi nyumbani na hasara yake. Lakini hasara ya ini ni ndogo. Iliyo kubwa ilikwisha kutangulia: maziwa yalipungua, ndama hakukua, na maksai wa kulimia alichoka kabla ya jua kupanda. Ini lasema kweli, ila lasema wakati mnyama amekwisha kufa. Leo twapenda kueleza jinsi habari hiyo hiyo inavyopatikana mnyama angali hai, kwa kupima protini zitokazo katika mwili wa mnyoo mwenyewe.

Kwanza yafaa kumjua adui. Katika Afrika ya Mashariki wako wa namna mbili. Nchi za chini zenye joto zina Fasciola gigantica, ambaye aweza kufikia urefu wa sentimita 7. Nchi za juu zenye baridi, kama vile milima ya Kenya na Ethiopia, zina pia Fasciola hepatica, aliye mfupi, yapata sentimita 3. Mnyoo mzima hukaa katika mirija ya nyongo na kutaga mayai, nayo hutoka pamoja na mavi. Yai likifika penye maji, huanguliwa kijidudu ambacho hakina budi kuingia katika mwili wa konokono wa majini, la sivyo hufa upesi. Humo konokononi huzaana na kuwa wengi. Kisha hutoka, hujishikiza katika majani ya kando ya maji, hujifunika kwa gamba gumu, na kungoja. Ng'ombe, kondoo au mbuzi akila majani yale, amekwisha kumeza ugonjwa. Mwendo huu wote ulithibitishwa kati ya mwaka 1881 na 1883 na mabingwa wawili, Thomas wa Oxford na Leuckart wa Leipzig, kila mmoja akifanya kazi peke yake.

Mnyoo mchanga hutoboa utumbo, huingia katika ini, na kulila kwa majuma mengi kabla ya kufika katika mirija ya nyongo. Wakati huo wote hatagi hata yai moja. Mayai ya hepatica huanza kuonekana baada ya majuma 10 hivi, na ya gigantica baada ya majuma 12 au zaidi. Hapa ndipo shida yetu ilipo.

Kila mzee aliyekaa barazani ajua kwamba shauri huamuliwa kwa mashahidi, na mashahidi hawalingani. Shahidi wa kwanza ni yai. Mavi huchanganywa na maji, mayai kwa uzito wake huzama chini, nayo hutazamwa kwa hadubini. Shahidi huyu ni mkweli, lakini huja amechelewa, maana wakati anapofika ini limekwisha kuharibiwa. Tena, mayai yaliyobaki katika mfuko wa nyongo huweza kuendelea kutoka siku kadha wa kadha baada ya minyoo kufa.

Shahidi wa pili ni damu. Mwili wa mnyama ukiona kitu kigeni hutengeneza kingamwili, ambazo ni kama askari wa kupigana na kitu hicho tu. Askari hao huonekana mapema, na hiyo ni faida. Lakini adui akiisha kuuawa, wao hubaki katika damu kwa miezi mingi. Basi damu yatuambia kwamba adui alipita hapa; haituambii kwa yakini kama yungali yupo.

Shahidi wa tatu ni antijeni, yaani kitu chenyewe cha kigeni kinachowaamsha askari wale. Mnyoo anapokula hutoa protini za kumsaidia kuyeyusha chakula chake, na zilizo nyingi kati yake huitwa kathepsini. Hizo hushuka pamoja na nyongo mpaka katika mavi. Mnyoo akiwapo, zipo; akifa, hutoweka baada ya majuma machache. Huyu ndiye shahidi anayesema habari za leo.

Lakini protini hazionekani kwa macho, zapimwaje? Mabingwa huchukua minyoo hai katika maini ya machinjioni, huwaosha, na kuwaweka katika maji ya chumvi yenye joto kama la mwili. Minyoo hutema protini zao majini. Kisha hutiwa rangi ya buluu iliyoelezwa na Bradford mwaka 1976: protini zikiwa nyingi, buluu huzidi kukolea, nayo hulinganishwa na vipimo vilivyokwisha kujulikana, kama vile mchuuzi alinganishavyo unga na pishi yake. Bila kujua kiasi hicho, hakuna awezaye kutengeneza kipimo cha kuaminika.

Kipimo chenyewe huitwa elisa, nacho kilibuniwa mwaka 1971 na Engvall na Perlmann wa Stockholm. Ni kibao chenye vishimo 96. Katika kila kishimo hubandikwa kingamwili zinazoitambua antijeni ya mnyoo. Maji ya mavi yakitiwa humo, antijeni hunaswa, na mengine yote huoshwa. Halafu hutiwa kingamwili nyingine zilizofungwa na kitu cha kuleta rangi. Penye antijeni nyingi rangi hukolea. Pasipo na antijeni hapana rangi. Mwaka 2004 mabingwa wa Hispania walitangaza kipimo cha namna hii, kwa kingamwili iitwayo MM3, kilichowatambua wanyama wenye mnyoo mmoja au wawili tu, tena juma 1 hata majuma 5 kabla ya mayai kuonekana.

Hata hivyo kipimo hiki hakikosi upungufu. Mnyoo aliyeingia juzi, ambaye bado yumo katika nyama ya ini, huenda asionekane, na kondoo aweza kufa wakati huo huo.

Faida yake kubwa huonekana baada ya dawa. Albendazoli huua minyoo wazima tu. Triklabendazoli huua wazima na wachanga. Lakini tangu mwaka 1995, habari zilipotolewa kutoka Australia, imejulikana kwamba wako minyoo waliozoea triklabendazoli wasife. Mfugaji akinywesha mifugo yake dawa kisha akaenda zake, hatajua kama fedha yake imefanya kazi au imepotea. Akipeleka mavi kabla ya dawa na tena baada ya siku 14, antijeni itamjibu.

Kwa hiyo twawasihi wazee na walimu wawaeleze watu wao mambo haya. Bwana mifugo akiomba mavi, asichekwe. Apewe yaliyo mabichi, yaliyotoka katika mnyama mwenyewe na si yaliyookotwa zizini, nayo yawekwe mahali pa baridi na kupelekwa upesi. Dawa ipimwe kwa uzito wa mnyama, maana dawa pungufu huwafunza minyoo kuizoea. Wala kipimo hakimwondoi konokono bondeni: pafaapo, mabwawa yazungushiwe ua, na mifugo inyweshwe katika birika.

Baba zetu walilisoma ini baada ya kisu. Sisi tumepewa njia ya kulisoma mapema, na ng'ombe akabaki zizini.