Kabla Hujaisugua Rupia ya Mjerumani

Hapa Mbalizi, habari za "hela ya Mjerumani" hazikauki. Yupo anayeapa kuwa sarafu yake inavuta punje za mchele, yupo anayetafuta mnunuzi kutoka Dar es Salaam, na yupo mwenye rupia halisi aliyoachiwa na bibi yake, ambaye kwa nia njema kabisa anaisugua kwa majivu ing'ae. Namwandikia huyu wa mwisho. (Ya mchele ni utapeli, fedha na dhahabu hazivuti kitu.)

Rupia, sarafu za fedha za utawala wa Wajerumani, ziliingia kwa nguvu vijijini kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm II, kofia yake imebeba tai. Uzito ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha.

Mnunuzi makini ana maswali mawili: ni halisi? Imechakaa kiasi gani? Kwa muda mrefu muuzaji ndiye aliyeyajibu yote, na muuzaji ana tumbo lake. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, aliyekuwa akichunguza senti kubwa za shaba za kwao, alipendekeza gredi za 1 hadi 70, akidhani sarafu ya 70 ingekuwa na thamani mara 70 ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, namba zikabaki. Mwaka 1972 chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani kilifungua ofisi ya ANACS, iliyojibu swali la kwanza tu. Gredi ziliongezwa 1979, kwenye cheti chenye picha. Lakini cheti ni karatasi, na karatasi huweza kuambatanishwa na sarafu nyingine. Ndiyo maana kampuni ya gredi ya PCGS ilipoanza kazi 1986, na mwenzake NGC 1987, sarafu ilifungiwa ndani ya kasha la plastiki pamoja na gredi yake.

Kasha lilituliza soko, halikumaliza ubishi. Mwaka 1990 PCGS ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuhusu matangazo yaliyokuza mno uhakika wa gredi zake. Siku hizi hata makasha yenyewe yanaghushiwa, kwa hiyo namba ya kasha nayo huhakikiwa kwa kampuni iliyolitoa.

Mtihani mgumu kwa wapima gredi ni sarafu za Tabora. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na Wajerumani wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha pesa. Humo zilitoka sarafu za heller 20 (heller ni sehemu ndogo ya rupia) za shaba, na za rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye tembo aliyeinua mkonga, 16,198 tu. Mitambo haikuwa ya kazi hiyo, na heller nyingi zilitoka na maandishi hafifu tangu siku ya kwanza. Mpimaji asiyezijua ataona taji lililochorwa kwenye heller limefifia na kusema limelika mifukoni. Anayezijua hutazama mng'ao: sarafu isiyotumika bado ina ule mng'ao wa metali iliyogandamizwa, hata pale mchoro ulipokosa kina, iliyotumika huupoteza kwanza kwenye sehemu zilizoinuka.

Sasa rudi kwenye majivu. Yanakwangua mng'ao huohuo na kuacha mikwaruzo myembamba inayoonekana wazi chini ya lenzi. Kampuni ya gredi haitaipa sarafu hiyo namba ya kawaida. Itaandika kuwa imesafishwa, na bei itashuka. Weusi wa miaka mingi, mie nauacha.

Swali la kwanza, kama ni halisi, unaweza kulijibu kwa sehemu hapahapa. Wanunuzi wa dhahabu upande wa Chunya wana mizani nyeti. Pima rupia ikiwa kavu, kisha uipime ikining'inia kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo. Rupia isiyochakaa sana hupungua kama gramu 1.1. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule hupungua karibu 1.4, hata ikipakwa fedha nje. Ikifaulu hapo, pigia hesabu ada na usafirishaji kwenda ng'ambo: kwa rupia ya kawaida iliyochakaa, gharama hizo huweza kuizidi bei yake.