Diski mbili kasha moja: mnunuzi aamue kasi au usalama

WENYE studio za video, muziki na picha wanaofikiria kununua kasha la nje lenye diski mbili wanashauriwa kuamua kwanza kama wanalipia kasi au wanalipia usalama wa kazi za wateja wao. Kasha moja likipangwa kwa kasi linakuwa hatari zaidi kuliko diski moja ya kawaida, na likipangwa kwa usalama, nusu ya ujazo ulioandikwa juu ya boksi haitumiki.

Uamuzi huo una uzito zaidi kwa sababu ya bei. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilipanda katika soko la dunia, baada ya kampuni zinazojenga vituo vya kompyuta za akili bandia kuzinunua kwa wingi. Diski za SSD hutengenezwa kwa chipu. Hata diski za kuzunguka ziliwahi kuonja misukosuko ya aina hiyo, pale mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yaliposimamisha viwanda na bei kupanda duniani kote. Mfanyabiashara wa Kariakoo, au wa Luthuli jijini Nairobi, anayefuata mzigo Dubai hana namna ya kuzuia mabadiliko hayo. Anayapeleka kwa mnunuzi.

Kwa hiyo anayekosea kuchagua analipia kosa lake kwa bei ya juu.

KASI INATOKA WAPI

Ndani ya kasha kuna diski mbili na saketi inayoziongoza kwa utaratibu unaoitwa RAID. Utaratibu huo ulielezwa katika andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nia yao ilikuwa kuunganisha diski za bei nafuu zifanye kazi ya diski kubwa ya gharama, na mojawapo ya herufi za jina hilo ilisimama kwa neno lenye maana ya 'bei nafuu'. Baadaye neno hilo lilibadilishwa likawa 'zinazojitegemea', jambo lisilomshangaza anayejua bei za makasha hayo.

Mpangilio wa kwanza ni RAID 0. Kila faili hukatwa vipande, hiki kikaenda diski ya kwanza na kingine diski ya pili, zote zikiandika kwa wakati mmoja. Diski moja ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutoa takriban megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde, hivyo mbili hufikia 300 hadi 500. Diski mbili za terabaiti 8 zinaonekana kama moja ya terabaiti 16. Diski moja ikifa, kazi yote imepotea, kwa sababu kila faili kubwa ina vipande pande zote mbili.

Mpangilio wa pili ni RAID 1, ambapo kila kitu huandikwa mara mbili. Diski zile zile zinatoa terabaiti 8 tu na kasi ya kuandika ya diski moja, lakini moja ikifa kazi inaendelea.

Makasha mengi ya aina hii, yakiwemo G-RAID na My Book Duo, hutoka kiwandani yakiwa yamepangwa RAID 0. Ujazo na kasi inayotangazwa kwenye boksi ni ya mpangilio huo. Mnunuzi anayeona 'diski mbili' akadhani ana nakala mbili anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kujua kuwa hana hata nakala moja ya akiba. Anayegundua baadaye na kutaka kubadili mpangilio lazima ahamishe kila kitu kwanza, maana kubadili kunafuta diski zote.

Ukubwa wa hatari unaweza kupimwa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo huchapisha takwimu za diski zake, iliripoti kuwa katika mwaka 2024 asilimia 1.57 ya diski ziliharibika. Kwa kiwango hicho, uwezekano wa kasha la RAID 0 kupoteza kila kitu ndani ya mwaka ni kama asilimia 3. Takwimu hizo ni za vyumba vyenye ubaridi na umeme usiokatika. Chumba cha kuhariri cha Sinza au Mbagala mwezi Februari hakiwezi kutegemea matokeo bora kuliko hayo.

HESABU YA HARUSI

Kwa studio ya kawaida hesabu huanza na kamera. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inatumia megabaiti 12.5 kila sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa tano kila moja, harusi moja inakuwa gigabaiti 450. Studio yenye harusi moja kila Jumamosi inajaza takriban terabaiti 1.8 kwa mwezi. Kasha la terabaiti 8 za RAID 1 litachukua harusi kama 17, yaani miezi minne.

Wengi hununua kasha la kasi wakidhani kuhamisha kazi kutoka kwenye kadi kutakuwa kwa haraka. Kadi nyingi za kamera husoma chini ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa megabaiti 90, gigabaiti 450 zitachukua dakika 83, kasha liwe la diski moja au mbili. Fedha ya kununua kisomeo kizuri cha kadi, na kadi zenyewe za kasi zaidi, ingeokoa muda mwingi kuliko diski ya pili.

Wakati wa kuhariri mambo ni hayo hayo. Kamera tatu za megabiti 100 zikichezwa pamoja zinahitaji megabaiti 37.5 kwa sekunde, ambazo diski moja nzuri inaweza kuzitoa. Video ikikwamakwama hapo, mara nyingi ni prosesa inayoshindwa kufungua faili zilizobanwa sana, na mwenye studio akinunua kasha jipya atakuta video inakwama vile vile.

Hali ni tofauti kwa anayetengeneza filamu, matangazo au video za muziki kwa faili za ProRes 422 HQ. Faili ya 4K ya picha 25 kwa sekunde katika mfumo huo inahitaji megabaiti 92 kwa sekunde na kula gigabaiti 332 kwa saa. Tatu kwa pamoja ni megabaiti 276. Hapo diski moja ya kuzunguka inashindwa, na RAID 0 ya diski mbili inatosha kwa shida. Ikumbukwe pia kuwa diski ya kuzunguka hupungua kasi inavyojaa, na sehemu zake za ndani hutoa karibu nusu ya kasi ya zile za nje. Kasha lililopimwa dukani likiwa tupu si lile lile litakalotumika likiwa limejaa robo tatu.

Studio za muziki ndizo zinazohitaji kasi kidogo kuliko zote. Sauti moja ya biti 24 kwa kiwango cha 48,000 inachukua kilobaiti 144 kwa sekunde, na sauti 60 kwa pamoja hazifiki megabaiti 9. Tatizo la kasha la diski mbili kwa mtu wa muziki ni kelele: diski zinanguruma, feni inavuma, na maikrofoni nzuri inasikia yote mawili. Huyu SSD ndogo isiyo na sauti inamfaa zaidi.

WAYA UNAOPUNGUZA KASI

Kasha la kasi likiunganishwa kwa waya usiofaa linakuwa la polepole kuliko diski ya mfukoni. USB 2 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, na kiutendaji ni megabaiti 35 hadi 40. Kwa waya huo harusi ya gigabaiti 450 itachukua zaidi ya saa tatu. Nyaya nyingi za kuchajia simu zenye kichwa cha USB-C ni za kiwango hicho, ingawa kwa macho zinafanana na zile za kasi. Waya uliokuja na kasha uwekewe alama usiazimwe.

USB ya gigabiti 5 inatosha kwa diski mbili za kuzunguka karibu wakati wote. Thunderbolt 3, inayofika gigabiti 40, haiongezi chochote kwa diski za kuzunguka mbili, na anayelipia zaidi kwa sababu ya alama ya radi anastahili kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Kwa makasha ya SSD mbili hesabu inageuka. SSD ya aina ya SATA hutoa megabaiti kama 550 kwa sekunde. Mbili katika RAID 0 zinajaza USB ya gigabiti 10, ambayo kiutendaji hupitisha takriban megabaiti 1,000. SSD ya aina ya NVMe inaujaza waya huo ikiwa peke yake. Kuweka NVMe mbili katika kasha la gigabiti 10 ili kupata kasi ni kuongeza hatari bila kupata kitu, kwani faida yake huonekana kwenye muunganisho wa kasi zaidi kama Thunderbolt, na kompyuta nayo iwe na tundu hilo.

SSD haina mizunguko, haisumbuliwi na kutikiswa ndani ya daladala, na ni nzuri kwa kazi inayoendelea. Lakini terabaiti moja ya SSD huuzwa kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya ile ya diski ya kuzunguka, na haifai kuachwa kabatini miaka mingi bila umeme.

Kwa studio ya harusi, basi, mpango wenye unafuu ni SSD moja ya terabaiti 1 au 2 kwa kazi ya wiki, na kasha la diski mbili katika RAID 1 kwa kazi zilizokwisha. RAID 0 iachiwe yule wa ProRes, naye awe na diski nyingine ya kunakilia kila jioni. Hata RAID 1 si nakala ya akiba: faili ikifutwa kwa bahati mbaya inafutika pande zote mbili, kirusi kinaingia pande zote mbili, na mwizi anabeba kasha zima. Nakala moja ikae nyumba nyingine.

UMEME

Kasha lenye diski mbili kubwa halijiendeshi kwa umeme wa laptopu. Linahitaji adapta yake ukutani. Laptopu ina betri, kasha halina. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na kasha linazimika katikati ya kuandika. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limepunguza mgao Tanzania, lakini hitilafu za nyaya za mtaani bado hukata umeme bila taarifa. Bei ya UPS ndogo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kasha.

Aidha, wanaotumia mfumo wa exFAT ili kasha lisomeke kwenye Windows na Mac wafahamu kuwa mfumo huo hauweki daftari la mabadiliko, hivyo umeme ukikatika ghafla huharibika kwa urahisi zaidi. Studio yenye kompyuta za aina moja itumie mfumo wa aina hiyo.

DUKANI

Mapema mwaka 2025 iligundulika Ulaya kuwa diski zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu ya saa zake ikiwa imefutwa. Bidhaa za aina hiyo zikishaingia sokoni hazina mpaka. Mnunuzi aombe kasha liunganishwe hapo hapo na kusomwa kwa programu kama CrystalDiskInfo. Saa zikiwa nyingi diski si mpya. Zikiwa chache, bado zilinganishwe na hali ya boksi na namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Aulize pia kama diski ni za CMR au SMR. Katika SMR mistari ya data hupandana kama vigae vya paa, na kuandika kwa muda mrefu kunapunguza sana kasi. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walilaumiwa kwa kuuza baadhi ya diski za SMR bila kuzitaja.

Si kila kinacholeta wasiwasi ni udanganyifu. Diski ya terabaiti 8 huonekana kwenye Windows kama 7.27, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa 1,024. Mwenye duka hajapunja.

Risiti ya EFD idaiwe, kwani dhamana ya miaka mitatu au mitano bila risiti ni ngumu kuidai. Hata ikidaiwa, dhamana hurudisha diski, hairudishi harusi. Iulizwe pia kama kasha lenyewe likiharibika lingine la aina hiyo linapatikana mjini, maana diski zilizopangwa na saketi ya kasha moja mara nyingi hazisomeki katika kasha la aina nyingine.

Mwenye RAID 1 anaweza kulijaribu akiwa na faili zisizo na thamani: azime, atoe diski moja, awashe, aone kama faili zinafunguka na taa ya onyo inawaka. Akiirudisha, kasha litaanza kunakili upya. Kwa terabaiti 8 na kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua takriban saa 11, na umeme uwepo saa zote hizo.